Mashua Isiyogeuka

Wolverhampton, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo, na goti je? Sisi wazima. Miaka minne sijakuandikia, tangu ulipokataa kuja kwenye harusi yangu na Craig. Sasa tumekodi mashua ya mfereji mwezi Mei, tuichukulie Nantwich tuje hadi kwako. Craig ananicheka, eti hata baiskeli hunishinda. Wewe umezeekea kando ya mfereji, nielekeze. Tukienda maili thelathini kwa siku, tutachoka?

Mwanao, Bethan

Chirk, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, ila goti lina siku zake. Maili thelathini! Mnakuja kwa mashua au kwa treni? Mashua hiyo huenda mwendo wa mtu na mbwa wake mzee. Wekeni maili kumi, na penye milango ya maji, ile ya kupandishia na kushushia mashua, punguzeni. Ukitaka kwenda kulia, sukuma usukani kushoto. Mtagonga ukingo, kila mtu hugonga. Lakini kwa gari ni saa moja na kidogo tu. Mbona unajitesa?

Baba

Wolverhampton, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu swali lako lilinibana. Kwa gari nimejaribu mara tatu. Nikifika kituo cha mafuta cha Oswestry, karibu kabisa na kwako, nanunua chai, nageuza, narudi nyumbani. Mwenye mashua aliniambia ni ndefu kuliko upana wa mfereji, haigeuki ila mahali palipochimbwa makusudi. Nikamwambia, nipe hiyo hiyo. Naogopa, Baba. Utatupokea sote wawili?

Bethan

Chirk, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Pa kugeuzia pa mwisho pako kwenye kona kabla ya kwangu. Nitapeleka kiti nikae hapo hapo, na ole wako uguse usukani! Mkirudi, milango ya maji tutafungua pamoja, husukumwa kwa mgongo, si kwa goti. Mwambie mkwe wangu aje na viatu vikuukuu, nimfundishe.

Baba

Ellesmere, 14 Mei

Baba,

Shikamoo. Tumegonga kila kitu isipokuwa bata. Barua yako Craig ameitia mfukoni, hataki kunirudishia. Kesho tunafika kwenye kona. Mvua ikinyesha, usiache kukaa pale.

Wanao, Bethan na Craig