Karanga za mgeni, karanga za nyumba

Papa Docteur,

Leo nimesafisha hadubini yako kama ulivyonifundisha, kwa kitambaa laini, bila kupuliza. Halafu nikakaa. Ni mwezi wa pili tangu tukuzike, na bado nikisikia viatu kwenye ngazi nainuka kuweka maji ya chai.

Sikuwahi kukushukuru vizuri. Nilikuwa nasema aksanti tu, nawe unajibu, "Aksanti ya nini, Maman? Kata tu, ikuwe nyembamba."

Mume wangu alipokufa, tumbo limevimba, ndugu zake walisema ni karuho, sumu, na kwamba mimi ndiye niliyemtilia. Walitaka kuninyang'anya watoto. Wewe hukunijua. Ulikuwa tu na kipande kidogo cha ini lake, walichokikata hospitalini kabla hajafa. Ukawaita wote hapa laboratwari. Shemeji mkubwa alikuja na abakosti, suti yake ya sikukuu, akasema, "Citoyen docteur, sisi tunajua mulozi wetu."

"Muzuri," ukamjibu. "Angalia kwanza."

Akainamia hadubini muda mrefu. Ukamweleza polepole: seli moja iliacha kusikia, ikazaa wakaidi wenzake, na hayo si mambo ya sahani ya jana, ni ya miaka. Waliondoka bila kuniaga, lakini watoto walibaki kwangu.

Ukanipa kazi ya kuosha vioo vya hadubini, baadaye ya kukata vipande vya nyama vya kuweka juu yake. Maisha yako yote ya kazi ulitafuta jambo hilo moja, kansa inaanzaje, na ulishuku ukungu wa kwenye karanga. Ukanituma kwetu Kalehe kuziomba kwenye nyumba za watu. Nilirudi na vikapu viwili. Zilizooza nilikuwa nimezichambua na kuzitupa, maana mtu mkubwa hapelekewi karanga mbaya. Ulitazama, ukacheka mpaka ukavua miwani.

"Maman! Umeniletea karanga ya mugeni. Mimi natafuta ile munakula wenyewe."

Nilicheka pia. Kisha nikaanza kufunika vikapu, kwa sababu zile tulizokula wenyewe nilizijua. Nzuri tuliuza, au zilingoja mgeni. Zenye ukungu nilizitwanga za kutia kwenye sombe, majani ya muhogo ya nyumbani. Mimi. Kwa mikono hii.

Nilibeba jambo hilo wiki tatu, nikikata vibaya kila siku, mpaka ukaniuliza nina nini. Nikalia. Basi shemeji alisema kweli?

Ungeweza kunidanganya kwa huruma. Ulivuta kiti, ukasema, "Sijui, Maman. Juu ya mutu mumoja, siwezi kujua. Lakini hata mama yangu alitupikia zile, na mama yake pia. Mulozi ni ule anajua. Wewe ulikuwa unalisha watu wako na kile kiko." Siku hiyo hiyo ukanirudisha Kalehe, nikazilete zile mbaya.

Nakushukuru kwa kile kipande cha ini. Lakini zaidi nakushukuru kwa ile "sijui." Ungeniambia hapana, nisingekuamini, na ningelala na swali lile mpaka kaburini.

Hapa, daktari kijana amechukua kiti chako. Ana haraka, ila ni mtu mzuri, na amenibakisha. Madaftari yako yako kabatini, makavu.

Wiki iliyopita, kule mtaa wa Bagira, wakwe walimfungia mjane mmoja nje ya nyumba yake. Mume wake alikufa na tumbo lile lile la kuvimba. Nilikwenda. Sikuwa na kioo cha kuwaonyesha, maiti ilikuwa imeshazikwa. Niliketi kizingitini nikawaeleza seli, nikawaeleza karanga, na mwisho nikawaambia ya kwangu, ile ambayo ulikuwa unaijua wewe peke yako. Mama mkwe alinitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Hata zile mimi nilimupikia akiwa mutoto?" Nikamjibu, sijui, Maman.

Alinyanyuka mwenyewe akafungua mlango.

Pumzika, Papa. Nikiwa bado na miguu, hakuna mjane wa Bukavu atakayeitwa mlozi kabla sijafika kuuliza ni nani aliyeliona ini.

Wako wa laboratwari,
Nsimire