Nguzo Mbili za Nyumba ya Mama Yako

Olmotonyi, Arusha
6 Machi 1996

Mpendwa mwanangu Ephraimu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaojenga kwa miti ni kudhani kwamba saruji huilinda nguzo. Nimelitaja kabla ya salamu, na unajua si desturi yangu, nivumilie. Sasa nikusalimu. Hujambo mwanangu? Skolastika na watoto hawajambo? Kile kifua kimepona, au vumbi la Mpwapwa limekiamsha tena? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hugoma asubuhi, yakipata jua yanakubali kutembea. Mama yako ana afya, ng'ombe wake anatoa maziwa, na sauti yake bado inawafunika wenzake wote kwenye kwaya. Nataka aendelee hivyo. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jumapili baada ya ibada nilipita kwake kunywa chai. Nikiwa barazani niliona vijiuyoga vyeupe vimeota kwenye mguu wa nguzo ya kushoto, pale inapozama kwenye saruji. Nikatoa kisu changu cha mfukoni, nikakisukuma kidogo tu. Kiliingia mpaka kwenye mpini, bila sauti, kama kinaingia kwenye kiazi kilichochemshwa. Nguzo ya kulia ni vivyo hivyo. Kwa nje zimenyooka na zinang'aa rangi. Mpita njia angezisifu.

Usidhani nakulaumu. Mwaka ule ulipoichora nyumba hii kwa ajili ya kikundi cha usharika, nilifurahi kuliko wote. Nyumba ndogo kwa kila mwenye shamba la miti, mbao za migrivilea tuliyoipanda wenyewe, nguzo za mikaratusi, hakuna kugusa msitu wa serikali. Wazo lile ni zuri hata leo. Tatizo liko kwenye miguu.

Unakumbuka enzi za uhaba, mfuko wa saruji ulipopatikana kwa kibali na kwa kujuana. Baba yako na mimi tulisimamisha nguzo juu ya mawe meusi ya mlimani kwa sababu hatukuwa na kingine. Mguu wa nguzo ulilowa mvua ikinyesha, ukakauka upepo ukipita. Biashara ilipofunguliwa, maduka ya mjini yakajaa saruji mpaka nje barazani, na kila mtu akaona jiwe ni umaskini. Leo hapa kwetu anayejenga huanza kwa kuichimbia nguzo shimo na kuimwagia zege. Lakini mti mbichi ukikauka hunywea. Ukinywea, huacha ufa mwembamba kati yake na zege. Maji ya mvua huteremka kwenye nguzo, huingia kwenye ufa, na ikifika chini haina pa kutokea. Zege linakuwa kikombe, nguzo imesimama ndani ya maji, tena gizani ambapo hakuna anayeona.

Na juu ya nguzo hizo mbili umelala mtambaapanya wa mbele, boriti inayobeba paa, na juu yake vile vigae vya saruji na katani ambavyo kikundi kilifyatua. Si mabati hayo. Unaujua uzito wake kuliko mimi.

Sasa hofu yangu yenyewe. Mama yako amehamishia kitanda chumba cha mbele, apate kumwona ng'ombe dirishani. Analala chini ya mtambaapanya ule. Masika yanakaribia, tangu juzi Meru haionekani kwa mawingu, na kila alasiri upepo unashuka kutoka juu na kuvitikisa vigae. Nikiusikia huku kwangu naacha ninachokifanya na kutega sikio upande wa kwake.

Jumatatu nilikwenda na magogo mawili imara, nikautegemeza mtambaapanya kwa muda. Jana nikakuta ameyang'oa, moja amelifanya kigingi cha kumfungia ndama.

"Shemeji," akaniambia, "kina mama wa kwaya wanakuja kusali hapa. Wakute nyumba inatembelea magongo?"

Nikamweleza habari za ufa na maji, taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Wewe tangu ustaafu huna wanafunzi, sasa unafundisha nguzo! Ephraimu wangu amesomea ujenzi. Nikihama, Penina wa kwaya atatangaza mpaka kule Sokon kwamba nyumba ya mwanangu imenishinda. Ephraimu aseme mwenyewe. Akisema, nahama siku hiyo hiyo."

Hakusema kwa ukaidi, bali kwa kukupenda. Kwake, kutoka chini ya paa lile ni kukuaibisha mbele ya watu, na yuko radhi limwangukie kuliko likuaibishe. Mimi nimefundisha habari za miti nusu ya maisha yangu, lakini neno langu haliwezi kumtoa mle. Lako linaweza.

Nyumba yenyewe inaponyeka, usivunjike moyo. Tutaliinua paa kwa jeki, tukate miguu iliyooza, tuweke jiwe chini ya kila nguzo na hewa ipite. Kikundi nimekiomba kisimwage zege kwenye nyumba nyingine mpaka uje ubadilishe mchoro. Hayo yanaweza kusubiri likizo yako. Mama yako hawezi kusubiri.

Nilipiga simu ofisini kwenu Dodoma. Wakasema uko kwenye ujenzi, huko hakuna simu. Kwa hiyo nampa Dismasi barua hii, anakuja huko na lori la viazi, ameahidi kukukabidhi mkononi. Usinijibu kwa barua. Kuanzia Ijumaa nitashinda ofisini kwa usharika, kwenye simu. Ukipiga, mwinjilisti atamkimbilia mama yako, ni hatua chache tu.

Naserian, dada yako, anakusalimu, na mzee Mikidadi fundi seremala anauliza utarudi lini mbishane tena. Skolastika mpe salamu zangu za pekee, na wajukuu wangu uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Mungu aliyekuongoza ukiwa mdogo kwenye njia za mlima huu akuongoze na huko, na atushikie paa lile kwa siku hizi chache.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye na niliye na hofu,
Frederick Sakaya

Ukimaliza kusoma, weka vifaa chini, nenda posta leo, upige simu usharikani na umwambie mama yako ahame chumba cha mbele.