Ubao wa Bibi

Mahajanga, Jumatano



Mkaguzi ametoka Ufaransa kuangalia kama fedha zao zimejenga kweli madaraja mawili ya barabara ya Belobaka. Mkalimani ni mimi. Nilisoma miaka mitatu tu, lakini Kifaransa changu kinawatoa jasho makarani.

Daraja la kwanza alilipita, akaandika. Kisha mkandarasi akamkalisha kwenye kuku na mvinyo. Alipokuwa akitafuna, vibarua waling'oa mbao za daraja hilo hilo, wakazipitisha vichakani na kuzipigilia kwenye daraja la pili.

Huko ndiko bibi yangu mzaa mama huuza mihogo. Asubuhi, kwa desturi ya Wasakalava, aliupaka ubao wa daraja la kwanza udongo mweupe ili uvushe watu salama. Sasa, tulipofika na mkaguzi, akauona ubao wake hapo.

"Mwambie, mjukuu wangu. Huu ubao nimeupaka mimi kule. Umefikaje hapa?"

Mkandarasi akanitazama. Ameniahidi kazi ya kudumu.

"Anasemaje?" mkaguzi akauliza.

"Anaishukuru Ufaransa."

Akaandika hilo pia, mjinga yule, akaendelea na gari lake kuelekea bara.

Bibi alirudi nyumbani amelowa hadi kiunoni, kwa kuwa daraja la kwanza halina tena mbao. Na mvua bado hazijaanza.

"Ulimwambia nini yule mzungu?"

Nikamwambia ukweli. Nikamletea na nguo kavu.

Hakuipokea. "Wapelekee Wafaransa," akasema. "Waambie nashukuru."