Paja Kwenye Dirisha la Bafu

Tarehe 4 Machi. Mwaka wa sita tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, ambao kila asubuhi unanikumbusha kwamba ndio unaonilisha. Wewe hujambo? Mama je, miguu bado inavimba? Naandika kwenye karatasi, naipiga picha, naituma kwa simu ya mshonaji jirani yako. Mshonaji, kama umesoma mpaka hapa, hujambo, sasa mpe mwenyewe.

Nimesikia kwamba mumeo ameungua ndani ya lori lake. Pole, dada. Pole hiyo ni yako wewe, yeye simgawii. Mtu aliyejiita Mheshimiwa na hakuna aliyewahi kumchagua hata kufagia uwanja! Akirudi safarini anakaa kitini kama mgeni rasmi, anangoja maji ya kunawa yamfuate. Mzikeni, mshindilie udongo vizuri, mrudi nyumbani mkapumzike.

Usidhani moyo wangu umekufa. Mimi maiti nashinda nazo. Kazi niliyopata baada ya ile ya zege ni kusukuma machela mochwari, zile maiti ambazo polisi wanataka kujua zilikufaje. Naziingiza chumba cha eksirei, nazigeuza, nashikilia mkono au mguu, halafu natoka nje Mama wa Picha, fundi wa eksirei, apige. Mfuko haufunguliwi kwanza. Ni picha, kisha zipu, kisha daktari na kisu chake. Nimewaona matajiri na wezi wakiwa mifupa mitupu, na sijaona mfupa wenye cheo. Mheshimiwa angeumia sana kulijua hilo.

Mdogo wako

*

Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama anakusalimia, miguu iko vilevile, mdomo ndio umepona kabisa, anatukana kutwa. Mimi ninapumua.

Umecheka ukashiba, sasa nisikilize. Maiti haizikiki. Uso haupo, vidole havipo, na hospitali inasema lazima apigwe picha ndipo wamtoe. Shemeji, mdogo wake mume wangu, yule unayemwita Kivuli kwa kuwa hakuwahi kuwa na lake, amekuja juu. Anapiga meza za watu: "Kaka yangu ameungua, mnataka kumwunguza tena kwa mitambo?" Anataka nisimame mbele ya daktari nitamke kwamba huyu ndiye, eti kwa sababu funguo zetu za nyumba zimekutwa kwenye kiti. Nikitamka tu, wanazika kesho yake.

Na nikitamka, ndugu yangu, mimi ni mjane mpaka kufa kwangu. Wakwe wameshaanza kukizungukia chumba changu kwa macho. Mama mkwe amefungua kabati langu, akanusa shuka, akaondoka nayo.

Jambo jingine linanikera. Lori lilikuwa na utingo, mtu mzima, ana mke. Polisi wanaambiwa alikimbia baada ya ajali. Mke wake anakuja kila siku, anakaa kwenye ngazi za mochwari. Jana Kivuli alimpita akamwambia, "Mumeo mhuni, nenda ukamtafute baa." Yule mama alisogeza miguu tu ili Kivuli apite.

Nifanye nini? Usiniletee vichekesho.

Dada yako

*

Tarehe 8 Machi

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa wima. Lile la kushindilia udongo nalifuta.

Kivuli hajawahi kuharakisha kitu maishani mwake, hata chakula anangoja kipoe kwa sababu ya uvivu wa kupuliza. Leo anaharakisha kaburi? Nilimsomea Mama wa Picha barua yako. Huyu ndiye mtu pekee hapa ambaye simdharau. Mkali kama siki. Akasema, "Huyo shemeji anaogopa nini kwenye picha? Picha haiumi."

Nikamwambia labda ni uchungu.

"Uchungu unakaa chini ukalia. Huo unaopiga meza ni woga. Muulize dada yako kama mumewe aliwahi kuvunjika mfupa."

Dada, nilicheka mpaka akanitoa nje. Unakumbuka Mheshimiwa alipopanda meza ya baa kuwahutubia watu waliokuja kunywa, na meza ikakataa hotuba? Paja la kulia likakatika, akaning'inizwa mguu kwa mawe wiki na wiki, na mfupa ukaunga kombo. Ndiyo maana anachechemea, ingawa yeye anasema ni mwendo wa viongozi.

Mama wa Picha anasema mfupa uliounga kombo haunyooshwi na moto. Kovu lake hubaki. Wakimpiga picha huyo maiti na paja likawa kombo, basi ndiye, na mimi nitaomba radhi kaburini kwake kwa sauti ndogo. Likiwa limenyooka, siye. Lakini maneno matupu hayatoshi, Kivuli atasema alivunjika kisigino. Inatakiwa picha ya zamani iwekwe kando ya mpya.

Na picha hiyo unayo. Kioo cha bafu kilipovunjika, ni nani aliyeziba dirisha kwa picha ya eksirei, akatwambia nuru yake ni nzuri? Ni Mheshimiwa mwenyewe, alivyokuwa bahili wa kununua kioo. Miaka yote mmekuwa mkioga mkiangaliwa na paja lake. Libandue taratibu, lisichanike kwenye kona yenye jina na tarehe. Usilikunje, na usimpe Kivuli alibebe hata hatua moja.

Mpaka hapo, usitamke kitu.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Kaa kitako kabla hujasoma.

Nililibandua kwa maji ya moto na kisu cha siagi. Limefifia upande wa jua, lina madoa ya sabuni, lakini jina linasomeka, na herufi inayoonyesha ni mguu wa kulia iko palepale. Nilikwenda nalo mgongoni ndani ya kanga, kama mtoto.

Mpiga picha wa hapa ni mwanamume mfupi, hacheki, haketi. Hakushangaa hata kidogo. Alilifuta, akalitundika kwenye taa, akatundika na la maiti kando yake, mguu uleule, upande uleule. Kivuli alijipenyeza akasimama nyuma yangu. Mpiga picha akamwonyesha bila kumtazama: "Hapa mfupa umepanda juu ya mwenzake. Hapa umenyooka kama rula. Daktari ndiye atakayeandika, lakini macho na wewe unayo."

Kivuli akasema, "Mwili ukiungua hujinyoosha!"

"Basi tuwachome wote wenye matege," akajibu yule mtu, uso mkavu.

Mimi nilicheka, ndugu yangu. Mochwari, nimevaa nguo za msiba, nikacheka.

Kicheko kikanikauka. Alituonyesha picha ya kifua ya yule maiti. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega, ulikuwa na kifundo, wa mtu aliyevunjika zamani asitibiwe. Nilitoka mbio mpaka kwenye ngazi. Nikamuuliza yule mama, mumeo aliwahi kuumia bega? Akashika lake la kushoto, bila kuambiwa ni lipi. "Gunia lilimwangukia," akasema. "Alikuwa hawezi kulalia upande huu."

Nilikaa naye palepale chini. Picha ya zamani hana, lakini daktari ameshachukua damu ya mama mzazi wa utingo ili wailinganishe. Yeye hangoji tena damu. Ameshaanza kulia.

Kumbe wangemzika mume wa mtu chini ya jina la Mheshimiwa, na mkewe angeendelea kumngoja mhuni arudi kutoka baa.

Kivuli hajaonekana tangu siku ile. Mama mkwe amerudisha shuka.

Dada yako

*

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mama anakula vizuri. Samahani kwa kunyamaza, kwanza tulimzika utingo. Damu ililingana. Mkewe aliniomba nisimame naye mstari wa mbele, nikasimama.

Jumamosi mchana nafua, nasikia hodi. Naijua hodi ile, ya mtu anayedhani mlango una bahati kugongwa naye. Nikachungulia. Ni Mheshimiwa! Amenenepa. Alikuwa kwa mwanamke wake kule njiani, yule tuliyeambiwa ni mwuza mafuta ya injini. Siku ya ajali aliendesha amelewa, lori likapinduka, akatoka yeye, mwenzake akabaki amebanwa, moto ukashika. Aliposikia wanasema dereva ndiye aliyekufa, akaona ni heri afe kuliko kufungwa. Kivuli alijua tangu siku ya pili. Sasa yule mwanamke amechoka kumlisha, kamfukuza.

Haya yote aliyasema kupitia tundu la kitasa, analia. "Mke wangu, ni mimi. Fungua."

Nikamjibu, "Mimi mume wangu simjui kwa sauti. Namjua kwa paja. Nenda kapigwe picha kwanza."

"Unanitania?"

"Picha ya kulinganisha iko polisi. Wafuate, wanakungoja."

Mshonaji alikuwa ameshawapigia. Mheshimiwa alijaribu kukimbia. Unaujua mguu ule. Hakufika hata kwenye duka la kona.

Silii. Najaribu, haliji chozi. Kinachonisumbua ni kwamba picha imebaki kwao kama ushahidi, dirisha la bafu liko wazi, nimetundika gunia.

Dada yako

*

Tarehe 5 Mei. Bado ni mwaka wa sita, ila sasa nimeanza kuuona mrefu.

Dada yangu,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa mshonaji ambaye najua amekwisha soma.

Nilimsomea Mama wa Picha barua yako. Hakucheka. Aliuliza tu kama yule mama wa ngazini alipewa mwili wa mumewe kwa jina lake sahihi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi lete anayefuata," nikaenda kusukuma machela.

Mheshimiwa sina la kumwambia. Hata dharau ina kipimo chake, na yeye ameimaliza yote niliyokuwa nayo, sina ya kumwongezea. Akikuandikia kutoka jela, barua mpe mshonaji akatie viraka.

Nakuja mwishoni mwa Agosti. Msimamizi akinipa ruhusa nitakuja, akininyima nitakuja vilevile. Ondoa gunia, pima dirisha la bafu kwa uzi, urefu na upana, unitumie. Kioo nitakuja nacho mimi.

Mdogo wako