Kunde za Mama Nafula

Nakuru, Alhamisi, mwezi wa tano, 1956

Mvua haijakatika tangu mchana. Viatu vyangu viko kando ya jiko, vizito kwa matope ya Rongai, na nimechoka hata kuoga naona ni kazi.

Leo tumeng'oa kunde.

Ofisi yetu ya kilimo inataka nchi ivune maharagwe mengi zaidi. Kwa hiyo kila mfanyakazi wa shamba la mzungu aliyepewa kipande cha kulima ameagizwa apande maharagwe peke yake, kwa mistari, bila kuchanganya na kitu. Mimi huandamana na afisa kwa sababu wanawake wengi wa laini, yale makazi ya wafanyakazi shambani, walitoka magharibi, na Kiluhya ndiyo lugha ya mama yangu. Anasema yeye kwa Kiingereza, nasema mimi kwa Kiluhya.

Mama Nafula alipanda maharagwe kama tulivyomwonyesha. Lakini kati ya mistari aliweka kunde, maana jioni huchuma majani machanga, na hiyo ndiyo mboga ya nyumba yake. Afisa alitazama, akasema zing'olewe leo hii, la sivyo kipande apewe mtu mwingine.

Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba kunde ni ndugu ya maharagwe, na nikamuuliza kwa nini ofisi inayotaka zaidi ing'oe zilizokwisha kuota. Alijibu bila hasira. Kunde hazina mnunuzi, kwa hiyo hazihesabiwi.

Kisha akaningoja nitafsiri.

Nikatafsiri. Kwa adabu, kwa sauti ya chini, bila kuacha neno.

Mama Nafula hakubisha. Aliinama akaanza kung'oa, akizirundika kwenye leso pamoja na mizizi na matope yake. Jirani yake akamtania kwamba leo amepata mboga ya arusi. Yeye alinitazama mimi, si afisa.

“Mwanangu, leo tutakula tushibe. Kesho niwapikie watoto maua ya maharagwe?”

Afisa akauliza amesema nini. Nikamwambia anashukuru.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kunde zenyewe. Nilisomeshwa nijue lugha mbili vizuri, na leo nimezitumia zote mbili kumnyamazisha mwanamke mmoja. Njia yote ya kurudi afisa alizungumza habari za mvua, nami nikaitikia.

Kesho tunakwenda shamba lililo ng'ambo ya reli. Huko nako wamepanda kunde. Niliziona kutoka garini tukipita.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, nitamweleza afisa alichosema Mama Nafula, chote. Nitamwomba kila mama aachiwe mistari ya ukingoni iwe ya mboga. Akikataa, atafute mdomo mwingine wa kusema “ng'oa”.

Ataupata bila shida. Vijana wenye Kiingereza wamejaa mjini, na baba yangu hatanielewa nikipoteza kazi.

Nalijua hilo. Hata hivyo, kwa kuwa nimekwisha kuamua, sasa usingizi ndio unanijia.