Kiboko Akiogopa Anakimbilia Wapi

Guta, Alhamisi jioni. Mawingu hayajaondoka tangu alfajiri, na upepo wa ziwani unapiga bati la jikoni.

Nina hofu. Naanza na hilo kwa sababu mchana kutwa nimejifanya sina. Nimepika, nimefua, nimewapokea majirani waliokuja kutupa pole, na kila aliyeniuliza nimemjibu tumshukuru Mungu. Ni kweli tunamshukuru. Lakini hata sasa haya maneno nayafuta na kuyaandika upya.

Baba Neema, mume wangu, nusura afe leo asubuhi.

Mvua ilinyesha usiku, na kulipokucha giza lilikuwa bado zito. Nadhani ndiyo maana kiboko alichelewa. Kwa kawaida jogoo wakianza kuwika anakuwa ameshajirudia majini. Leo nimefungua mlango wa jiko nikamkuta katikati ya matembele yetu, mgongo unang'aa kwa maji, anakula bila haraka kama mtu aliyealikwa.

Kwetu sisi watu wa ziwani, ukimkuta kiboko nchi kavu unarudi ndani, unafunga mlango, unasubiri ashibe. Matembele yataota tena.

Ila mume wangu si mtu wa ziwani. Kazaliwa upande ule wa Bunda unaopakana na hifadhi, na mnyama wa kuwaharibia mashamba kule ni tembo. Tembo anafukuzwa kwa kelele. Watoto wa kwao wanajua kupiga debe kabla hawajajua kusoma. Sasa jana, kwa ajili ya ile mvua, alikuwa ameiacha pampu ya kumwagilia kule chini kando ya maji, na alipomwona mnyama alichofikiria ni pampu. Akabeba debe na kipande cha nondo, akazunguka mbio kupitia shamba la jirani, akaenda kusimama mbele ya pampu yake na kuanza kupiga.

Yaani kasimama katikati ya kiboko na maji.

Nilipiga kelele. "Baba Neema, toka hapo! Mpishe!" Debe lilikuwa linalia kuliko mimi. Alikuwa ananitazama, anaona mdomo wangu unafunguka, na baadaye aliniambia alidhani namtia moyo.

Tembo akisikia debe, mara nyingi anageukia kwenye utulivu. Kiboko akishtuka anataka maji tu, na atayafuata hata kama kelele zenyewe zinatoka huko huko majini. Aliinua kichwa, akasikiliza, akaanza kukimbia. Asiyemjua anadhani mnyama mnene vile, mwenye miguu mifupi vile, atajikokota. Hajikokoti. Nilisikia ardhi mpaka kwenye nyayo zangu.

Na Baba Neema hakukimbia. Kwao wanaambiwa ukinyamaza umekwisha, kwamba anayeacha kupiga ndiye anayeendewa na tembo. Kwa hiyo kadiri kiboko alivyomkaribia ndivyo alivyozidi kulipiga debe. Nimesimama mlangoni namtazama mume wangu akifanya, kwa ushujaa wake wote, kitu cha kumuua.

Kilichomwokoa ni utelezi. Mguu ulimtoka akaangukia mtaroni, mtaro ule ule anaolalamika kila siku kwamba niliuchimba mahali pabaya. Kiboko akapita. Nikasikia pampu inavunjika, matete yanalala, kisha maji yanapokea uzito ule. Halafu kimya. Niliita jina lake, Wambura, jina ambalo sijalitumia tangu tumpate Neema.

Akajibu kutoka mtaroni, "Nipo."

Neema alikuwa bado amelala. Nashukuru kwa hilo.

Sasa niseme jambo linaloniogopesha kuliko hata ule mshindo wa asubuhi.

Tangu tuoane, mimi na mume wangu tuna ubishi mmoja usioisha: katika wanyama wakubwa walao majani, yupi ndiye baba lao. Ulianza siku ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kwetu. Mjomba wake alisimama akasema binti wa viboko anaolewa kwenye tembo, tungoje tuone nani atampisha mwenzake. Watu walicheka, na sisi tukauchukua ule utani tukaenda nao nyumbani. Tukila tunabishana, tukipalilia tunabishana, wageni wakija nao tunawaingiza.

Yeye namba moja anampa tembo. Anang'oa mti, anapindua gari, na simba akimwona anajikumbusha shughuli nyingine. Wa pili kwake ni kifaru, kwa ile pembe na hasira zake, ingawa macho hayamsaidii. Wa tatu nyati, maana nyati ana kinyongo. Ukimjeruhi anazunguka kukuvizia kwenye njia uliyojia, na kundi lake linaweza kurudi kumpokonya simba ndama. Hata twiga ana nafasi yake, teke lake si la kuchezea. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, anamtaja kwa dharau tu, kwamba ana mwili wa bure na woga wa mbuzi. Na kiboko? "Huyo ni nguruwe amevimba. Mtoe kwenye maji uone kama anawezaga kitu."

Mimi namjibu kwa meno. Katika hao wote, nitajie mwenye mdomo wa kukata mtumbwi vipande viwili. Tembo utamsikia anavunja matawi ukiwa mbali, kiboko unamjua ukiwa umeshamfikia. Na nikiona nazidiwa, namtoa mjomba wangu Masatu, kaka yake mama, aliyeuawa na kiboko nikiwa msichana. Hapo Baba Neema ananyamaza kwa heshima ya marehemu, na mimi nimeshinda.

Leo ndiyo nimeona nilichokuwa nakifanya. Mjomba nilimfanya hoja. Nilisema ameuawa na kiboko, nikaishia hapo, kwa sababu hapo panatosha kushinda ubishi. Mume wangu siku zote alidhani mjomba alifia majini, kwenye mtumbwi wake. Mjomba alifia nchi kavu. Alikuwa anakusanya nyavu asubuhi yenye giza zito kama hii ya leo, akawa amesimama katikati ya mnyama na ziwa.

Miaka yote tumebishana nani ana nguvu. Hatujawahi kuulizana akiogopa anakimbilia wapi.

Mchana Baba Neema alianza kucheka, na kicheko chake kilinitisha. Anawasimulia majirani huku anaigiza alivyoanguka, wao wanacheka, lakini nilimwona anavyoshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Kisha akasema jioni atarudi kule na wenzake, na madebe matatu. "Moja lilikuwa dogo. Kwetu tunapigaga watu kumi. Angesikia madebe matatu angegeuka."

Nikamwambia anifuate.

Nilimpeleka chini, pale mabaki ya pampu yalipo, nikamwonyesha njia. Ni njia nzuri, imetokea kwenye matete ikapanda mpaka shambani, ina mikondo miwili iliyoshindiliwa na nyasi zimebaki katikati. Nikamuuliza kama anaijua. Akasema ndiyo, ni njia ya mkokoteni wa ng'ombe, na ndiyo maana pampu aliiweka pale mwanzoni kabisa, maana pamesawazika.

Hakuna mkokoteni uliowahi kushuka pale. Kiboko anakanyaga kulia na kushoto, miguu yake imeachana, na katikati tumbo linapita juu ya nyasi. Nilimwonyesha vichaka vilivyorushiwa mavi kila upande. Ni njia yake tangu kabla baba yangu hajalima hapa. Guta hakuna mtu aliyewahi kuketishwa chini akafundishwa hilo, mtu anakua tu anajikuta anajua. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mzima asiyejua, tena analala kitanda kimoja na mimi.

Aliitazama muda mrefu. Akapanda nayo kidogo, akarudi, akachuchumaa penye unyayo uliojaa maji na kuweka kiganja chake ndani.

"Siku zote huwa mnaniona naweka pampu hapa," akasema. "Mkanyamaza?"

"Nilidhani unajua."

Tulipanda nyumbani kila mtu na lake, na wenzake walipopita na madebe yao aliwaambia warudi.

Sasa ni saa mbili kasoro, mlango tumeufunga kwa komeo. Kiboko amerudi. Tunamsikia nje anavyong'oa matembele, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Baba Neema amekaa ukutani na mtoto miguuni kwake. Mkono wake ulienda kwenye nondo mara moja, ukarudi wenyewe. Amesema kwa sauti ya chini, "Ale." Hilo tu. Nimeolewa naye kwa muda mrefu na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda aliposema hilo neno.

Na hapo ndipo hofu nyingine iliponishika, wakati huyu wa nje bado anatafuna.

Jumamosi tunaenda kwa mama mkwe wangu, kule mpakani mwa hifadhi, kumsaidia kuvuna. Mahindi yamekauka, na mahindi yakikauka tembo wanatoka. Kila mwaka Baba Neema anatangulia na mizigo kwa pikipiki, mimi na Neema tunafuata na gari la jioni, tukishuka tunatembea mpaka nyumbani. Nikajiuliza ninachokijua kuhusu tembo. Najua anang'oa miti. Najua anapindua gari. Najua yote yanayomfanya ashinde ubishi.

Nimemuuliza sasa hivi, kwa kunong'ona. "Tembo akitukuta mimi na Neema, tukimbilie wapi?"

Amegeuka kunitazama. "Nyie mkishuka kwenye gari mnapitaga wapi?"

Nimemwambia tunakata mkato. Hatufuati barabara, ni mbali na mtoto anachoka. Tunapita kwenye ile njia pana ya korongoni, yenye miti iliyovunjwavunjwa na wakata mkaa.

Nilingoja acheke, kwa sababu hajawahi kuniacha bila kunicheka kwenye habari za kwao. Amemvuta Neema karibu na kumfunika masikio.

"Kule hakunaga wakata mkaa," amesema.