Mahema ya Jumanne

4 Juni

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tuko salama. Baba anakula vizuri na anatusema sote kama kawaida.

Unaijua kamati yetu ya wazazi. Viongozi wa skauti wanafundisha watoto; sisi wa kujitolea tunatafuta ukumbi na vibali vya kambi, na tunatunza vifaa. Basi tangu Aprili kuna mtu anaingia stoo. Naacha mahema rafu ya chini, nayakuta ya juu. Nimeandika kwenye shajara: mara sita, zote Jumanne. Ufunguo anao Fundi Seremala, mwenzetu wa kamati, peke yake. Nilipomuuliza alicheka: "Katibu, labda yamechoka kulalia ubavu mmoja." Hilo ni jibu? Nahisi anayaazimisha kwenye sherehe. Ni rafiki yako, ndiyo maana nakuambia mapema: Jumamosi tarehe 14 tunapiga kura kumwondoa.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Kikohozi kimekwisha, sasa niulizie mgongo. Nisalimie Baba.

Umehesabu siku, hukutazama kamba zilizofunga mahema. Fundi kufunga viatu vyake tu ni shughuli, ndiyo maana miaka yote anavaa ndala. Nenda ukaangalie. Ukikuta fundo la vitanzi viwili, ncha imefichwa chini, usipige kura. Kisha fungua shajara yako: nani mwingine hutoka siku ya Jumanne?

Kaka yako

17 Juni

Kaka,

Nisamehe, leo sikuulizi hata huo mgongo. Barua yako imefika jana. Kura zilipigwa Jumamosi, tano kwa moja. Fundi aliweka ufunguo mezani, akasema, "Mahema yaanikwe kila wiki, Katibu, yasiote ukungu." Kitasa tukabadilisha siku hiyohiyo.

Fundo ni la vitanzi viwili, lile alilotufundisha Baba. Na shajara yangu, kwa mwandiko wangu: "Jumanne. Baba kaenda kunyoosha miguu." Mara sita.

Tulipomtoa Baba kwenye kamati mwaka juzi, kwa kuwa anasahau, kumbukumbu za kikao niliandika mimi: "Funguo zote zimerudishwa." Sikuhakikisha. Nimeitisha kikao kesho, nikiri hilo mbele ya wote.

Jana nilikwenda karakana kwa Fundi. Hakusimamisha hata randa. "Nilikuwa namkuta Mzee humo, anaanika mahema. Ningekuambia, ungemnyang'anya ufunguo." Na ni kweli.

Leo asubuhi nilimfuata Baba. Nilimkuta mlangoni pa stoo anajaribu ufunguo wake, anaufuta kwenye shati, anajaribu tena. Akageuka, akaniona. Hakukasirika. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake pole:

"Na wewe wamekutoa, mwanangu?"

Nikamwekea ufunguo mpya mkononi.

"Bado, Baba. Kikao ni kesho."

Mdogo wako